Kanga Juu ya Kioo

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Huko uliko barua haifiki, lakini nina kosa la kuungama na habari ya kukufurahisha.

Unakumbuka pale Kwamndolwa, mawingu yakishuka kutoka Usambara? Ulikifunika kioo cha ukutani kwa kanga, ukazima redio na kuchomoa waya wa antena uliopanda hadi juu ya bati. Mimi, kidato cha pili na kichwa kikubwa, nikaivuta kanga ile nikijigamba kwamba chuma kilichopakwa nyuma ya kioo hakiiti radi. Nikaurudisha na ule waya wa antena, nisikilize mpira. Radi ikapiga shambani kwa jirani. Kioo salama, redio ikafa papo hapo.

"Mume wangu," uliniambia, maana ndivyo ulivyonitania, "kioo umekishinda. Na redio je?"

Mama alipouliza, ulimjibu imezeeka tu. Ukakaa miezi bila redio, na mimi sikuomba radhi. Inaniuma mpaka leo.

Sasa niko maabara, Bibi. Napaka kioo utando wa chuma, mwembamba kuliko unywele kwa mbali sana, kisha naupiga kwa mpigo wa sumakuumeme, yaani kiradi kisicho na mvua, nione kama umeme utapita ndani yake kwa urahisi zaidi. Tando zangu zote ziliungua. Mwalimu wangu akasema kimebaki kipande kimoja tu cha kioo kilichopakwa. Nacho kikiungua, nitafute mada nyingine. Nisikufiche, nilikwishakata tamaa.

Juzi nikiwa najiandaa, ngurumo zikaanza, nikakukumbuka na antena yako. Nikatazama mezani: nyaya za kipimo zimeshikana na utando, kama siku zote. Mpigo ulikuwa unaingilia humo. Kosa lile lile! Nikazichomoa, nikapiga, ndipo nikazirudisha kupima. Utando mzima! Tena umeme unapita vizuri kuliko mwanzo, maana chembe za chuma zimejipanga na kushikana. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Nisamehe kwa ile redio. Wenzangu wakiuliza nani alinifundisha kuchomoa kwanza, nakutaja wewe. Leo mvua inanyesha tena. Kioo cha chumbani kwangu nimekifunika kwa kanga yako, ingawa najua hakiiti radi.

Lala salama, Bibi.

Mumeo wa Kwamndolwa,
mjukuu wako