PM kwenye kitanda cha bibi

Shoga yangu, we acha tu. Huyu fundi mkuu wa vifaa hapa hospitali nitakuja kumtoa roho.

Kapita wodini kwangu, kabandika karatasi ya "PM" kwenye kitanda alicholalia bibi wa watu. Kwao mafundi PM ni kitanda cha kufanyiwa matengenezo. Hangojei hata mgonjwa ahamishwe. Anabandika tu.

Binti wa yule bibi ni karani wa polisi. Huko kazini kwake PM ni uchunguzi wa maiti. Kaingia kumwona mama yake, kaiona karatasi, kaanguka. Kaanguka chini, nakwambia.

Nikamwita fundi. Unadhani kaomba radhi? Kamsimamia binti wa watu pale sakafuni, anatoa somo. PM ni matengenezo, PM ni waziri mkuu, PM ni saa za jioni. "Kwani hamsomi?"

Hamsomi! Anamwambia mtu anayelia.

Bibi akafumbua macho, akamgeukia fundi. "Mwanangu, maana zote hizo unazijua. Pole ndiyo huijui?"

Jitu likabandua karatasi yake, likaenda kuibandika kwenye kitanda cha pili.

Mgonjwa yumo.