Gogo la Mwelmi Chumbani kwa Philomene

Chicago, 9 Aprili 1961

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila koo linanikwaruza kwa moshi wa hapa. Bega lako je, bado linakunyima usingizi?

Mama ameniandikia kwamba upinde wako umevunjika, na kwamba huwezi kupata mwingine kwa kuwa mielmi iliyonyooka, ile miti ya kuchongea pinde huko kwetu kaskazini, imekwisha kukatwa. Amesema umeikataa bunduki ya jirani yako Cyprian, na sasa sungura wanapita mlangoni pako wakikuamkia. Nilicheka, kisha nikalia.

Hapa mielmi inakufa kwa ugonjwa unaoletwa na mbawakawa, na manispaa inaikata mtaa baada ya mtaa. Jana waliangusha mmoja mbele ya nyumba ninayopanga. Nikamwomba msimamizi wao, mzee wa Kipolandi aitwaye Zygmunt, anipe kipande.

"Binti, unataka kuni?"

"Nataka upinde."

Alinitazama kama mtu aliyeombwa mwezi wa angani. Halafu akawaamuru watu wake wanipandishie gogo hadi ghorofa ya tatu. Liko kando ya kitanda changu. Sasa nifanye nini? Nataka kukutengenezea upinde.

Mpwa wako,
Philomene

Ziwa la Dubu, 16 Aprili 1961

Mpwa wangu Philomene,

Marahaba. Bega halijambo mchana. Usiku lina maneno yake. Mama yako mzima, na ulimi wake mzima pia, kama ulivyoona.

Hukuniambia kama uliweka tumbaku chini ya mti, kuushukuru, kabla haujaanguka. Kama hukuweka, nenda ukaweke kwenye kisiki, na wanaotaka kucheka wacheke.

Kisha paka nta kwenye ncha zote mbili za gogo, leo, si kesho. Maji yakitokea huko kwa haraka, litapasuka vibaya. Ulipasue wewe mwenyewe kwa kabari. Mwelmi haupasuki kwa adabu. Nyuzi zake zimefumana kama nywele za mlevi. Piga kabari huku na huku, na zile nyuzi zinazong'ang'ania uzikate kwa shoka. Gome libandue kwa mkono. Mti ulio chini yake ndio mgongo wa upinde, na kisu hakiugusi kamwe. Ukiona mbawakawa wamechimba njia zao hapo, tumia upande mwingine. Kausha kivulini, mbali na moto.

Usinijibu kwamba umeelewa. Nijibu umefanya nini.

Mjomba wako,
Eustache

Chicago, 14 Mei 1961

Mjomba wangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umelala vizuri.

Nimeweka tumbaku kisikini. Zygmunt alikuwa akipita na gari lake la kazi. Nilidhani atacheka, akavua kofia.

Nilipata vipande viwili vizuri. Kimoja nilikiegemeza kwenye bomba la mvuke linalopasha nyumba joto, kwa kuwa niliona kwamba bomba si moto. Kilipasuka kwa mlio mkubwa hata Bi. Haggerty, mwenye nyumba, akaja mbio akiuliza ni nani amepigwa risasi. Nimebaki na kimoja. Nimekitia chini ya kitanda.

Mpwa wako,
Philomene

Ziwa la Dubu, 28 Mei 1961

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi sote wazima. Bomba si moto, na bata si ndege.

Kiache kipande hicho mpaka theluji ianguke, ndipo ukichonge. Kiwe kipana na bapa. Mwelmi hautaki wembamba. Punguza tumboni tu, upande utakaokuelekea ukivuta, kidogo kidogo, ukikipinda na kukitazama.

Lipo jambo moja umelisahau, au umejifanya kulisahau. Kitu cha kwanza anachokitengeneza mtu wa kwetu hakikai kwao. Bibi yako alikitoa kikapu chake cha kwanza kwa watu asiowajua. Kwa hiyo upinde huu si wangu. Usiniulize kama ninautaka.

Mjomba wako,
Eustache

Chicago, 11 Machi 1962

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Upinde umekwisha. Unapinda sawasawa pande zote mbili, na ugwe ukiuachia unaimba.

Lakini nisikilize. Kipande kilikuwa kimoja. Mtaani kwangu hakuna mwelmi uliosalia. Wewe huna upinde, na bega lako halitangoja. Niruhusu nikutumie kwa basi, niseme ni wa pili. Nani atajua? Nakusubiri.

Mpwa wako,
Philomene

Chicago, 8 Aprili 1962

Mjomba wangu,

Shikamoo. Hukunijibu. Mama anasema hujambo, kwa hiyo najua umenyamaza makusudi.

Jumamosi niliufunga upinde kwa blanketi, nikaenda nao kituo cha basi. Nilisimama kwenye foleni mpaka zamu yangu ikafika. Karani akauliza, "Unakwenda wapi?" Nikasema nyumbani, nikageuka, nikarudi chumbani kwangu.

Jioni nilimwita Zygmunt, nikampa. Aliupima mkononi, kisha akauvuta pale pale uani kwetu. Mshale niliomchongea ukatoboa shuka ya Bi. Haggerty iliyokuwa kwenye kamba. Zygmunt ameishona mwenyewe. Tangu hapo ananiita fundi. Anasema kuna mwelmi mwingine kanisani kwao, umetiwa alama ya kukatwa mwisho wa mwezi.

Nisamehe, Mjomba. Huna upinde kwa sababu yangu.

Philomene wako

Ziwa la Dubu, 15 Aprili 1962

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba, na marahaba tena.

Niliandika barua ya kusema "utume", nikaichoma. Nikaandika nyingine ya kusema "usitume", nayo nikaichoma. Jiko lilipata joto, mimi sikupata. Nilitaka upinde ule kuliko ulivyodhani, na niliogopa kukuomba jambo baya nawe ukalikubali.

Nimemwambia Cyprian kwamba mpwa wangu amenipita, upinde akampa Mpolandi. Alicheka mpaka akakohoa. Nikamwambia, "Cheka. Wapwa wako wakikuletea kitu, ni nguo za kufua."

Upinde wa pili haukatazwi. Mwambie Zygmunt asiuangushe mti wa kanisa kabla ya Alhamisi ya tarehe ishirini na sita. Nitashuka kwenye basi la asubuhi na tumbaku, na mchele wa ziwani kutoka kwa mama yako, na kabari zangu. Zako zinanitia shaka.

Mjomba wako akupendaye,
Eustache