Sikutoa Hata Bamba Moja

Jumatano, mwezi wa Rajabu. Joto. Mvua ya vuli ilichungulia asubuhi ikarudi ilikotoka, na sasa mji mzima unatoka jasho. Alasiri imeshaswaliwa. Nimekaa ukumbini na daftari hili, mikono yanuka mafuta ya taa, na moyo haujatulia.

Nitaandika haraka, kabla sijawa mwoga tena.

Mama yangu hawezi kukaa. Tangu ateleze ngazini siku chache baada ya Maulidi akavunjika nyonga, amekuwa wa kulala chali tu. Ana haja moja: afikishwe Takaungu, kwenye kaburi la mdogo wangu Athmani. Ni miaka mitatu tangu azikwe kule na mama hajaliona. Siku ya mazishi wanawake walibaki nyumbani kama ilivyo ada yetu, na baadaye kila tulipopanga safari mimi ndiye niliyekuwa na udhuru. Leo homa, kesho kazi nyingi. Sasa ameniambia hana umri wa kungojea nyudhuru zangu.

Hapo ndipo akajitokeza jirani yetu Karimu, muuza vitu vya kale wa Ndia Kuu. Karimu hununua kila kinachoachwa na Wazungu wanaorudi kwao tangu tupate uhuru: saa mbovu, masanduku, vinanda. Mwaka huu amenunua gari-nyumba. Ni lori kuukuu lililojengewa chumba cha mbao mgongoni, na ndani mna kitanda, jiko, hata pazia za maua. Akaniambia, "Fundi, nitengenezee huko mbele, kisha mchukue mama mwende mtakako."

Kitanda chenyewe kiko mbele, nyuma tu ya dereva, juu ya ekseli. Na mbele ya gari lile ni balaa tupu. Jumatatu nililala mimi kitandani, Karimu akaendesha kutoka Makadara hadi Ganjoni. Meno yaligongana. Kila shimo lilinianzia kiunoni likanitokea kisogoni. Niliposhuka nikamwambia, kwa hali hii nyonga ya mama haifiki hata daraja la Nyali.

Karimu, mjuzi wa kila asichokijua, akasema, "Si utoe mabamba mawili matatu ya springi? Chuma kikipungua si litalainika?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia akauze saa zake. Alishangaa, maskini, maana ndivyo wafanyavyo mafundi wengi wa mji huu. Springi ni mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Ukiyapunguza, gari hulegea. Mteja hufurahi akakuombea dua.

Na mimi nilifanya hivyo.

Sijapata kuliandika hili. Miaka mitatu iliyopita tajiri mmoja wa nazi alilalamika kwamba pikapu yake inamvunja mgongo. Nikatoa mabamba mawili kila upande wa mbele. Athmani ndiye aliyekuwa aipeleke kwa mwenyewe, Kilifi. Aliizungusha kwanza hapa mjini, akarudi amekunja uso. "Kaka, imelegea mno. Nikikanyaga breki yainama." Mimi nilikuwa na njaa, nataka kufunga banda. Nikamwambia, "Nenda bwana, kwani umepakia mayai?" Akacheka, akaenda. Karibu na Takaungu bamba kubwa lilikatika, gurudumu likarudi nyuma, pikapu ikaingia minazini. Tulimzika huko huko jioni ile ile.

Kwa watu nilisema barabara mbovu. Watu wakasema ni kadari. Nami nikalishika neno hilo kwa mikono miwili, Mola anisamehe.

Tangu siku hiyo namsikia. Mlango ukijibamiza, mimi nasikia chuma kikikatika. Nikiwa chini ya gari nasema "nipe spana", nanyosha mkono, nangoja. Banda letu la Kibokoni halina mtu ila mimi, na bado nangoja. Athmani alikuwa na tabia ya kupiga mluzi akifanya kazi. Baba alimkataza, akimwambia anaita mashetani. Siku hizi nausikia mluzi ule mchana kweupe. Najua ni upepo kwenye mabati. Lakini naiacha kazi nikasikiliza mpaka unyamaze.

Jana nililiinua gari kwa jeki hapo Makadara, kwa kuwa vichochoroni mwetu haliingii. Tairi zilijazwa upepo wa kubebea mawe, nikaupunguza. Pini za springi zilishikwa na kutu hata hazizunguki. Nikazigonga zikatoka, nikatia mpya na grisi. Shokabzoba zilishakufa, Karimu akanitafutia nyingine. Nikapanda juu ya bampa nikarukaruka kama mwehu, na watu wananitazama. Wapi! Springi haikunesa hata kidogo. Ikabidi niyafungue mabamba.

Yalikuwa yameganda kwa sifa.

Hili ni kosa letu sisi watu wa pwani, wala sidhani kama bara wanalijua. Wazee wetu walipaka vyombo vya baharini sifa, yale mafuta ya papa, ili mbao zisioze. Baba alipoanza kutengeneza magari akazipaka springi sifa ile ile, chumvi isizile, na sisi akatufunza hivyo. Inanuka mpaka paka wanakufuata nyumbani. Kumbe ikikaukia kati ya mabamba, na vumbi likaingia, huwa gundi. Mabamba tisa yanakuwa gogo moja. Tumekuwa sisi wenyewe tukiyagandisha magari ya watu, kisha tunayatoa mabamba ili yalainike!

Na pikapu ya tajiri wa nazi tuliipaka sifa sisi. Haikuwa na haja ya kupunguzwa kitu. Ilitaka kuoshwa tu.

Niliketi chini kwenye mchanga nikalirudia hilo mara nyingi. Kuoshwa tu.

Nilipolifikia bamba la tatu, nikaona michirizi ya vidole ndani ya sifa kavu. Mitatu mirefu na mmoja mfupi. Athmani hakutumia brashi maishani mwake, alipaka kwa kiganja, na kidole chake cha shahada kilikatwa na mkanda wa feni alipokuwa na miaka kumi na sita. Basi Mzungu aliyemwuzia Karimu alipata kulileta gari hili kwetu, nami nimesahau kabisa. Niliweka vidole vyangu juu ya ile michirizi. Nililia. Watu wakipita wananisalimu, nami nawaitikia, "Alhamdulillahi, salama," uso nimeuficha nyuma ya gurudumu.

Nilitamani niliache bamba lile kama lilivyo. Nilitamani hata nilichukue nyumbani. Lakini mama atalala juu ya springi hii. Nikatia mafuta ya taa kwenye kitambaa, nikaufuta mkono wa ndugu yangu. Ilinichukua muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Leo asubuhi nimeyarudisha mabamba yote tisa, kila upande, na grisi nyembamba katikati. Nimeyahesabu. Nimeyahesabu tena. Karimu akasema nalibembeleza gari kama bibi harusi, nami safari hii sikumtukana.

Baada ya adhuhuri majirani wanne walimbeba mama na kitanda chake mpaka barabarani, wakamlaza ndani. Nilitaka kumjaribishia kwanza, nimpeleke Tudor na kurudi. Niliendesha nikiwa nimeuma midomo. Gari lilipita mashimoni likipumua, linashuka na kupanda taratibu. Breki nayo niliijaribu, pua haikuinama. Tulipofika Tudor nikasimama kivulini nikageuka kumtazama.

Alikuwa ameyakodoa macho kwenye dari.

"Umetoa mabamba mangapi?" akaniuliza. Mama alikaa na baba, fundi wa springi, miaka arobaini. Anazijua kuliko Karimu.

"Sikutoa hata moja, mama. Wallahi."

"Afadhali," akasema. "Ya Athmani ulitoa mawili mawili."

Sikumbuki niliizima injini saa ngapi. Nakumbuka nilishika usukani na gari limesimama. Alijuaje? Pengine aliyaona bandani. Pengine Athmani mwenyewe alipita nyumbani siku ile kumuaga, akamwambia. Sikumuuliza, na sidhani nitamuuliza.

Hakupandisha sauti. Alisema miaka mitatu alikuwa akingoja nimwambie mwenyewe. Kila jioni nilipomwandalia sinia ya chakula nikakaa naye, alininyamazia makusudi ili nipate pa kuanzia, nami nikampa habari za bei ya samaki. Niliingia kule nyuma nikamwangukia miguuni hapo hapo, mzee mzima mimi, nikamwomba radhi. Akaniwekea mkono kichwani.

"Mimi nimekusamehe zamani," akasema. "Lakini Mwanaisha ni mkewe, na hajui. Hilo silibebi mimi."

Mwanaisha aja nasi kesho. Ametuma salamu kwamba ameshapika mikate ya mofa ya njiani, na atakuwa hapa mara tu baada ya Swala ya alfajiri. Miaka mitatu nampelekea samaki na mchele pale kwake Kuze, na kila nikigeuka kuondoka huniambia, "Shemeji, bila wewe ningekuwa wapi?" Mimi husema "haya, haya" nikaenda zangu mbio.

Ningeweza kungoja. Ningeweza kumwambia tukirudi, akishazuru, akishalia, moyo wake ukishatulia. Nimeliwaza hilo tangu nilipoanza kuandika, na naliona lile lile la miaka mitatu. Simfikishi mwanamke yule kwenye kaburi la mumewe huku namdanganya.

Nimeshaoga. Nimevaa kanzu. Kuze si mbali, na maghrib bado. Gari liko tayari, springi zinanesa vizuri, kitanda kimetandikwa, na kiti cha pembeni nimekipangusa.

Nikirudi nitajua kesho tunakwenda Takaungu watatu au wawili.