Kipande cha Bess

Baba,

Nimekimbilia Clonmel kwa daktari wa mifugo. Simu yako umeiacha juu ya friji, tena.

Bran hajala. Loweka chakula chake kwa maji ya uvuguvugu, nusu bakuli tu, na usimwache akimbie mpaka saa nzima ipite, tumbo lisije likajipinda. Akiwa amelala, mwite kwanza ndipo umguse. Usimpe kitu kingine. Nasema CHOCHOTE, Baba.

Daktari alipiga simu ulipokuwa unakamua ng'ombe. Figo za Bess zimekataa kabisa. Akaniuliza tena alikula nini kabla hatujamlaza kwake jana, nikaapa hakula kitu. Ndipo nikaona kisahani cha maua cha Mama chini ya meza, kimelambwa kikang'aa, na zabibu moja ukingoni. Mkate wa zabibu wa Halowini! Najua utakachosema: kila aliye nyumbani apate kipande, Mama ndivyo alivyotufunza. Na siagi ukampakia, bila shaka. Zabibu ni sumu kwa mbwa. Nilikwambia siku ileile Bess na Bran walipostaafu mbio tukawaleta hapa.

~~Usije. Sitaki kukuona.~~

Njoo. Mwambie Mossie wa jirani akulete. Chukua koti jekundu la Bess, kule kuna baridi naye hana nyama mwilini. Nimemwomba daktari asimchome ile sindano ya mwisho mpaka ufike.

Anasema kila mlango ukifunguliwa, Bess anainua kichwa. Baba, si mimi anayenisubiri.

Binti yako,
Sorcha