Kufuli la Masanja

Kalangalala, Jumanne

Eti amekuja na kufuli! Jipya kabisa, bado lina lebo ya dukani. Masanja huyu, ambaye baba yake ndiye aliyenipangisha na tumemzika juzijuzi tu. Hata shikamoo hakunipa.

"Mama Neema, utoke kabla ya Jumapili. Kama una mkataba, uko wapi?"

Sina. Mimi na marehemu tulikubaliana kwa mdomo, na kodi nimeshalipa hadi mwisho wa mwaka. Nikaepua ugali kwanza usije ukaungua, ndipo nikamwuliza, "Na wewe, mahakama imekuteua lini kuwa msimamizi wa mirathi?"

Akaniambia nisithubutu kuwapigia simu dada zake. Kumbe hata wao hawajui kama amekuja.

"Basi tuko sawa, mwanangu. Wewe huna karatasi, mimi sina. Kateuliwe kwanza, ndipo uniletee notisi."

Akiteuliwa kweli, nitawapeleka wapi watoto…

Lakini kwa hasira zake ameondoka akalisahau kufuli kizingitini, na funguo zake zote.

Usiku huu nimefunga nalo mlango. Kwa ndani.