Mama Mkwe Kwenye Keria

Kaka, uko wapi. Nimemwangusha mama mkwe.

Ni mzima. Mimi pia ni mzima, ila sina uso wa kumtazama.

Nilikuwa nampeleka kliniki ya macho kwa baiskeli, yeye kakaa nyuma kwenye keria. Kabla hajapanda aliniuliza, "Baba, hii baiskeli huwa unaikagua?" Nikamjibu, "Kila wiki, mama. Naikagua mwenyewe."

Wewe unajua ukweli. Tangu niinunue sijawahi kuigusa hata kwa kitambaa.

Tukafika mteremko wa posta. Nabana breki, hakuna kitu. Nabana tena, hakuna kitu.

Akaniuliza taratibu kabisa, "Baba, mbona hatusimami?"

Nikamwambia, "Tutasimama pale mbele, mama." Yaani ndivyo nilivyomwambia. Pale mbele.

Tulisimama kwenye magodoro ya muuza fanicha.

Fundi baiskeli wa jirani akaja, akainama, akasema raba za breki zimekwisha zamani, kimebaki chuma. "Nani anaihudumia hii?"

Mama mkwe akajipangusa vumbi. "Mwenyewe huyo hapo. Mpe spana."

Fundi alitaka kunisaidia, akakatazwa. Mama yuko kwenye benchi, ananitazama tu. Amesema hatuondoki mpaka nifunge raba mpya kwa mkono wangu, halafu atapanda tena. Hilo la kupanda tena ndilo limenimaliza.

Nimemdanganya kwamba naongea na kazini. Jibu haraka: nati ya breki inafunguliwa kulia au kushoto?