Amplifaya ya Sebuleni kwa Don Abundio

Chayo, pokea simu basi!

Haya, usipokee, naandika. Bosi wetu Don Abundio ameacha kutengeneza amplifaya. Kuanzia leo karakana yetu ni ya magitaa tu.

Na mimi mjinga nimejiaibisha! Aliponiambia, "Jumatatu tuzungumzie amplifaya zako, Nereida," nikajua ananiwekea kibandiko chenye jina langu, kama wanavyowekewa mafundi wa gitaa. Miaka kumi na tisa nasaini kwa penseli ndani ya kasha la kila amplifaya, mahali pasipoonekana! Nikapika korunda za mahindi za karakana nzima. Nikavaa blauzi ya sikukuu. Nikatoa shukrani, Chayo. NIKATOA SHUKRANI mbele ya watu!

Wote wanatafuna. Ndipo akasema, "Mwanangu, mji wetu huu wa Paracho ni magitaa, ni mbao. Hivyo vyuma vyako watu hawavitaki."

Vyuma vyangu!

"Utahamia kwenye kupiga magitaa msasa," akasema, huku anachukua korunda ya tatu.

Subiri, bado hujasikia.

Natoka, ananiita mlangoni. Eti, "Kabla hujafunga meza yako, hebu niangalizie amplifaya ya sebuleni kwangu, inanguruma."

Nikaenda. Nikasema moyoni, hii angalau ina jina langu ndani.

Nikavuta kitambaa alichodarizi mkewe. Usoni kuna jina la kiwanda cha nje, herufi za dhahabu. Si yetu, Chayo. Mkewe anasema ina miaka kumi na miwili hapo.

"Watu hawavitaki." Kumbe hao watu ni yeye.